Springi ya Thelathini

Noti moja ilikuwa haitaki kunyamaza, na watu walikuwa wameshaanza kuingia.

Ilikuwa noti nene, ya chini kabisa upande wa miguu, inayotoka kwenye bomba la mbao refu kuliko mlango wa kanisa. Ilinguruma yenyewe bila mguu wa mtu kukanyaga. Ilianza saa tisa na dakika kumi alasiri, na onyesho lilikuwa saa kumi kamili.

Mwalimu, mtunzi wa muziki wa siku ile, alikuwa amekaa kwenye benchi lake mbele ya kinanda, huko juu roshani, amevaa gauni la bluu na vile viatu vyembamba vya kupigia. Mikono yake ilikuwa hewani kama mtu aliyekatazwa kugusa kitu.

"Fundi," aliniita. "Sijakanyaga."

"Najua hujakanyaga, Mwalimu."

"Sasa anayekanyaga ni nani?"

"Springi imekatika."

Aligeuka akanitazama. Macho yake yana kawaida ya kutulia mahali, hayarukiruki, na yakikutulia wewe unaanza kukumbuka makosa yako yote tangu utotoni.

"Si ulisema umebadilisha springi zote?"

Kwa asiyejua kinanda cha mabomba, mambo yake ni haya. Kila bomba limekaa juu ya sanduku lililojaa upepo. Chini ya bomba kuna kizibo cha mbao kilichovishwa ngozi. Ukikanyaga, waya unakivuta kizibo chini, upepo unapanda, bomba linalia. Ukiondoa mguu, springi inakirudisha juu. Springi ikikatika, kizibo kinaning'inia wazi na bomba linalia mpaka Kiama.

Noti za miguu ziko thelathini. Nilikuwa nimebadilisha springi ishirini na tisa.

Ile ya thelathini nilianza kuibadilisha mara tatu. Mara zote tatu, nikishafika chini ya sanduku na bisibisi mkononi, yeye huko juu alikuwa anaanza ule ukurasa wa mwisho wa kazi yake. Ule ukurasa umejengwa juu ya noti hiyo hiyo. Ningesema, "Mwalimu, simama kidogo," angesimama. Sikusema. Nililala pale chini kwenye vumbi nikasikiliza, na akimaliza nikawa nasema nitafanya kesho. Fundi mzima, nywele zimeanza mvi.

"Zote isipokuwa moja," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unapiga."

Nilidhani atanitukana na nilistahili. Badala yake shavu moja likamcheza kidogo, halafu akakumbuka saa na uso ukarudi kazini.

"Inachukua muda gani?"

"Kufungua sanduku, kubadilisha, kufunga, saa moja na zaidi. Kifuniko kina skrubu ishirini na nne, na aliyekuwepo kabla yangu alizipaka gundi, Mungu amsamehe."

"Tuna dakika arobaini na tano."

"Naweza kuling'oa bomba. Litanyamaza."

"Halafu mwisho wangu utasimama juu ya nini? Miaka minne, Fundi! Miaka minne naandika kitu kinachokwenda kutua hapo. Uking'oa hiyo umening'iniza hewani mbele ya watu mia tatu."

Nilikwenda kuzima mota ya upepo. Bomba likafa taratibu kama ng'ombe aliyechoka. Kanisa likawa kimya, na kimya kile kilinipa wazo.

"Hiyo noti unaipiga mara ngapi kwenye kazi nzima?"

Hakuhesabu hata kwa vidole. "Mara kumi na mbili. Kumi na moja fupi, na ile ndefu ya mwisho."

"Nitaipiga mimi."

"Wewe?"

"Nalala chini ya sanduku. Nauchomoa waya kwenye kibao chako cha mguu, naushika mkononi. Nikiusukuma juu, kizibo kinafunga. Nikiuachia, bomba linalia. Wewe kanyaga kama kawaida, mguu wako hautafanya kitu. Nitakuwa mguu wako."

"Husomi muziki hata mstari mmoja."

"Sisomi. Ya kwanza inaingia baada ya pale panapopanda kama mtu anayekimbia ngazi. Ya pili na ya tatu zimefuatana, fupi, kama mtu anabisha hodi kwa ngumi. Ya nne inatoka unapovuta pumzi. Unavuta pumzi kwa nguvu sana kabla ya ya nne, nasikia mpaka kule ndani. Niendelee?"

Alinitazama tu, mikono imeshuka mapajani. Nimetazamwa na wanawake kabla ya siku ile, sisemi sijatazamwa. Lakini hivyo, hapana.

"Miezi minane umekuwa unasikiliza," alisema polepole.

"Kuna kitu kingine cha kufanya kule chini?"

Nieleze na hili, maana bila hili la mbele halieleweki. Kurekebisha sauti za kinanda ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa nje anabonyeza, mwingine yuko ndani kati ya mabomba anarekebisha. Hamuonani. Kwa hiyo tuliwekeana ishara ya kugonga mbao. Kugonga mara moja ni kusema twende, inayofuata. Mara mbili, shikilia hapo hapo. Mara tatu, imetosha, toka. Tuliishi hivyo miezi minane, yeye nje na mimi ndani, na mtu akikusemesha bila kukuona unamwambia mambo ambayo usoni usingethubutu. Hata kumuomba anioe... namaanisha nimuoe, nilimuomba nikiwa ndani. Nilisema nikiwa nimeshika bomba la kumi na saba. Halafu akagonga mara mbili. Shikilia. Nikashikilia siku nne, sili vizuri, silali vizuri. Siku ya tano alikuja asubuhi, akakaa kwenye benchi bila hata salamu, akagonga mara moja.

Twende.

Basi, nikauchomoa waya nikajilaza chali chini ya sanduku, kichwa na mikono ndani ya mlango mdogo wa mbao, miguu nje. Waya wenyewe mnene kama sindano ya kushonea magunia, na ncha yake ilikaa juu ya kidole gumba changu. Nikamwambia awashe mota. Upepo ukajaa. Bomba likanguruma. Nikasukuma. Kimya.

"Achia!" alisema.

Nikaachia. Likanguruma.

"Funga!"

Kimya.

Alicheka kwa sauti, cheko la msichana wa miaka kumi na sita. "Fundi, wewe ni mguu mzuri kuliko wangu! Sasa sikiliza. Ile ya mwisho ni mipigo ishirini na nne. Ukipoteza hesabu usihangaike, nitagonga mara tatu kwa kisigino."

Hapo ndipo nikasikia ngazi za roshani zinalia. Wanapanda watu wazima wawili, mmoja ana magoti mabovu.

"Hii miguu ni ya nani?" Ilikuwa sauti ya shangazi yake.

"Ya fundi, shangazi."

"Yule fundi?"

"Huyo huyo."

"Soksi zake hazifanani."

Nikavuta miguu ndani kidogo. "Shikamooni," nilisema kutoka chini.

"Marahaba, baba," shangazi akaitikia. "Usijigonge kichwa huko."

Mama yake hakuitika. Nilimsikia anahema kwa sababu ya ngazi, akasubiri mpaka pumzi imerudi yote ndipo akasema.

"Mwanangu, sikupanda hapa na magoti haya kuja kusalimia miguu. Neno langu ni fupi."

"Mama, nimebakiza robo saa."

"Inanitosha. Nitakaa kiti cha mbele. Muziki ukiisha utashuka, uje unijibu pale pale. Ama unarudi nami nyumbani tukakae na watu wa yule daktari anayekuposa, ama unabaki na huyu. Ukibaki na huyu, kinanda cha baba yako hakitoki kwangu. Nitakigawa."

Kile kinanda nilikuwa nakijua kwa kusimuliwa. Kidogo, cha kupuliza kwa miguu, pembe moja imeungua kwa mshumaa. Baba yake alimfundishia hicho tangu miguu haijafika chini, akawa anampulizia yeye huku mtoto anabonyeza. Nilikuwa nimeshapima ukuta wa kukiweka.

"Kinanda cha baba ni changu," alisema. "Alisema mwenyewe, wewe umesimama mlangoni."

"Alisema ni cha binti yake mtunzi. Hakusema cha mke wa mtu wa kuingia makabatini."

"Mama..."

"Hakumaliza shule. Mkizeeka mtaongea nini?"

"Wataongea springi," shangazi akasema.

"Wifi, nyamaza! Nilishaolewa na mwanaume mwenye kinanda, mimi. Najua ninachokataa. Nyumba inajaa sauti, na anayeamka kutafuta chakula ni wewe. Huyo hata kinanda hana, ana bisibisi."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Shule niliacha darasa la sita. Kinanda sina. Bisibisi ninazo nne. Ningetoka nikamjibu kwa heshima zote, lakini ningetoka bomba lingelia. Nikajikaza. Lakini mwili una mambo yake. Jasho likashuka mkononi, kidole kikateleza.

Bomba likanguruma kanisa zima.

"Yesu wangu!" mama mtu akaruka. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikasukuma. Kimya.

"Samahani, mama," nilisema.

"Kiti cha mbele," mama alimwambia binti yake, na ngazi zikaanza kulia tena kushuka.

Tulibaki wawili. Sikumuona, niliona tu kipande cha mwanga penye mlango mdogo. Nikamuuliza, "Mwalimu, uko sawa?"

Akagonga mara mbili.

Shikilia.

Saa kumi kamili alianza.

Nimesikia watu wakieleza muziki kwa maneno makubwa, mimi sina. Nitasema nilivyousikia nilikokuwa. Mbao zote zilianza kutetemeka mgongoni mwangu. Sauti za juu zikaanza kukimbizana kama watoto waliofunguliwa geti. Joto la watu mia tatu lilipanda mpaka roshani likanikuta. Akapanda ngazi zile, moja, mbili, tatu, nikasema moyoni sasa, nikaachia.

Noti ikaingia mahali pake kama mlango unaokaa kwenye fremu.

Nusura nipige kelele. Ya pili, ya tatu, hodi kwa ngumi. Akavuta pumzi, nikamsikia, ya nne. Hapo hofu iliniisha, nikawa na furaha ambayo sijui niiite nini. Nilikuwa sioni mbele wala nyuma, waya unanichoma, vumbi puani, na nilikuwa ndani ya kichwa cha mwanamke nimpendaye, napita vyumba vyake kimoja kimoja nikijua swichi ya taa iko wapi. Ya tano, ya sita. Ya saba nilichelewa kidogo, nikajitukana. Ya nane aliisogeza mwenyewe, akaisubirisha kunipa nafasi, nikajua amenisikia. Mgongo wake kwangu, mbao kati yetu, na tulikuwa tunaongea!

Kufika ya kumi na moja ncha ya waya ilikuwa imeshaingia pembeni mwa ukucha. Kizibo kile ngozi yake ilikuwa imejikunja, usipokisukuma kwa nguvu kinavujisha upepo na bomba linakoroma. Nikasukuma kwa nguvu.

Kisha ukaja ukurasa wa mwisho, ule ulionifanya nisibadilishe springi.

Nikaachia. Noti ikatoka nene, pana, na juu yake vikapangana vyote alivyoandika kwa miaka minne. Nikahesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na nne.

Nikasubiri kisigino.

Ishirini na tano. Ishirini na nane. Sauti za juu zilikuwa zimekatika zote kama zilivyoandikwa, imebaki noti yangu peke yake. Thelathini. Nikasema basi nimeharibu, nimehesabu vibaya, nifunge? Lakini alisema nisikilize mguu, na mguu haukugonga.

Nikajua yuko wapi. Nilimuona kama nimekaa naye benchi moja. Macho kwenye kioo kile kidogo kinachomuonyesha watu wa chini, na kwenye kioo mama yake, kiti cha mbele, mkoba mapajani. Muziki ukiisha nitakujibu. Na muziki ulikuwa haujaisha, kwa sababu mimi nilikuwa nimeushika.

Nikauacha uendelee. Ningeuacha mpaka asubuhi.

Ndipo juu ya noti yangu ikaanza filimbi moja, ndogo, chini chini. Sikuwa nimewahi kuisikia. Miezi minane najua kila unyayo wa kazi ile, na hii haikuwemo. Iliyumba kama mtoto ambaye miguu yake haijafika chini na mtu mwingine anampulizia. Ikajiamini. Ikaita ya pili, ya tatu, akafungua sauti zote za tarumbeta kwa pamoja, kanisa likawaka. Vumbi la miaka mingi lilinimwagikia usoni, nikawa nacheka na kulia mdomo wazi, nalila vumbi.

Halafu tatu. Ko, ko, ko.

Nikasukuma waya kwa kidole chote. Ukaingia chini ya ukucha mpaka mwisho wake. Bomba likanyamaza papo hapo.

Hakuna aliyekohoa. Na kabla watu hawajapumua, kabla hata kiganja kimoja hakijapigwa, nilisikia kisigino chake mara moja tu.

Twende.

Makofi yalipoanza yeye alikuwa ameshafika penye mlango mdogo. Alinivuta kwa shati, likachanika begani, nikatoka mweupe kwa vumbi kama mfanyakazi wa kinu. Chini watu walikuwa wamesimama wanatazama juu. Alinishika mkono tukainama pamoja, mimi nikainama zaidi ya inavyotakiwa kwa sababu sijui kuinama.

"Jamani," nilisikia shangazi chini, "huyu bwana harusi ametoka kwenye kabati kweli!"

Tulishuka. Mama yake alikuwa amekaa vile vile, kiti cha mbele, mkoba mapajani. Hakusimama.

"Ile ya mwisho haikuwemo," alimwambia binti yake. "Nimekusikia ukiiandika kazi hii nyumbani kwangu. Haikuwemo."

"Haikuwemo, mama."

"Ilikuwa ya baba yako. Ile ya kukulaza."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unachelewa kunijibu."

"Ndiyo, mama."

"Na jibu?"

Aliinua mkono wangu aliokuwa ameushika. Damu ilikuwa imeshuka kutoka kidole gumba mpaka kiwikoni, imechora njia kwenye vumbi.

"Shikamoo, mama," nilisema. Sikujua niseme nini kingine.

Alikitazama kidole kile muda mrefu. Kisha akafungua mkoba, akatoa leso nyeupe iliyokunjwa vizuri, akampa binti yake, si mimi.

"Mfunge huyo, anakuchafulia gauni." Akasimama, akashika magoti yake kwanza la kulia, halafu la kushoto. "Kinanda nitakigawa. Nilisema."

Na alikigawa. Ni mwanamke wa neno lake, sitamsema vibaya kwa hilo.

Basi iligharimu hivi. Kwangu, ukucha mmoja, ambao uliota upya umepinda na haujanyooka hadi leo, na shati moja jeupe. Kwake, kinanda kimoja kidogo chenye pembe iliyoungua, kilikwenda shule moja na hatujakiomba. Chumba alichokulia. Miezi kumi na minne ya kumpigia mama yake simu kila Jumapili na simu kulia mpaka ikatike. Kiti kimoja kitupu harusini, shangazi aliweka mkoba wake juu yake ili kisionekane.

Na springi ya thelathini. Nilibadilisha Jumatatu asubuhi. Saa moja na dakika kumi, skrubu ishirini na nne, na yeye alikaa juu kwenye benchi muda wote ule, mikono mapajani, hapigi kitu, ili nimalize.